Dirisha la Kihoto Uliliona Sawa

Nafula mwanangu,

Umeenda kwa kukhu, nyanya yako wa Kaptembwo, kumuaga, na najua hutarudi mapema, maana hakuna mtu aliyewahi kutoka kwa huyo mama bila kula mara mbili. Baba yako yuko hapo kwa veranda anafunga begi lako kwa kamba. Nimemwambia zipu iko sawa, hanisikii. Mimi nimeketi kwenye meza yangu ya kazi, kompyuta nimeizima, na naandika kwa kalamu. Mwandiko wangu unaujua tangu nilipokuwa nasaini daftari zako za shule, kwa hivyo vumilia.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri, na ya kutoshika simu ovyo ukishuka Kisumu nimeshakueleza mpaka juzi ukaniambia, "Mum, imetosha, nimeskia." Basi sirudii. Nina jambo moja tu ambalo sijawahi kukuambia, na sitaki uanze kazi yako ya picha kesho kutwa bila kulijua.

Ile siku ya Kihoto, uliona sawa. Nje ya dirisha la sebule kulikuwa na maji, na nguzo za fensi zilikuwa zimezama. Mimi nilikuambia kwamba umechanganya, na nilipokuwa nakuambia nilijua nadanganya.

Haya, sasa imeandikwa. Nimeweka kalamu chini, nikaenda jikoni nikanywa maji, nikarudi kusoma tena hiyo sentensi, na bado ipo. Nafula, nimesikia wepesi ambao sijausikia miaka minne. Acha nikueleze yote kwa utaratibu, kwa sababu wewe ulikuwa kidato cha pili wakati huo na huenda umesahau hata rangi ya nyumba yenyewe.

Nilianza kuchanganya picha ukiwa darasa la nne. Kabla ya hapo nilikuwa napiga harusi na paspoti kama kila mtu mjini. Halafu nyumba zikaanza kuota huku Kiamunyi, maejenti wakataka picha za ndani, na nikagundua kuna shida ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Mtu akisimama sebuleni saa nne asubuhi anaona kochi na anaona pia mti ulioko nje ya dirisha. Kamera haiwezi. Ukiiwekea mwanga wa kochi, dirisha linaungua linakuwa jeupe pe. Ukiiwekea mwanga wa dirisha, sebule inakuwa pango. Ndipo nikajifunza kupiga picha tatu bila kusogeza stendi, moja ya giza kwa ajili ya dirisha, moja ya katikati, moja ya mwanga mwingi kwa ajili ya pembe na chini ya meza, halafu nizikutanishe kwa kompyuta ziwe moja.

Mwanzoni nilikuwa wa ajabu. Nilivuta rangi na mwanga mpaka mwisho kwa sababu niliweza. Kuta nyeupe zilitoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na mawingu yakawa ya zambarau. Kuna nyumba moja hapa nyuma ambayo tangi lake la maji lilikuwa na duara la mwanga kichwani kama malaika. Nilipiga picha ya kanisa letu nikampelekea pasta, akaitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Mama Nafula, hii kanisa ni yetu kweli?" Na mjomba wako Wanyonyi unamjua. Nilimpiga picha tatu siku ya harusi yake pale juu Menengai, bonde lote likiwa nyuma yake, yeye akashindwa kutulia, akapiga hatua katikati ya ya kwanza na ya pili. Nikazichanganya kwa haraka bila kuangalia, akatoka na miguu mitatu. Mpaka leo ameitundika sebuleni kwake na anawaonyesha wageni kwanza hiyo kabla ya chai.

Nakukumbusha hayo ucheke kidogo, na pia ujue kwamba makosa ya namna hiyo hayajawahi kuninyima usingizi. Picha mbaya ikionekana kuwa mbaya, haidanganyi mtu. Kosa langu lilikuja nilipokuwa nimejua kazi.

Na kazi niliijua, nitajisifu kidogo hapa kwa sababu ni mimi naandika. Nilijifunza kufunga kipenyo cha lenzi nisikiguse, nibadilishe tu kasi ya kamera kufunguka na kufunga. Nilijifunza kusubiri upepo utulie ili pazia lisitoke mara tatu. Nilijifunza kuchora dirisha kwa brashi laini, polepole, nikiacha mwanga kidogo umwagike kwenye ukingo, kwa sababu dirisha lisilomwaga mwanga linaonekana kama kalenda imebandikwa ukutani. Mjini hapa hakukuwa na mtu wa kunishinda kwa madirisha. Maejenti walikuwa wanasema hivyo na mimi nilikuwa naamini.

Sasa Kihoto, kule kando ya Ziwa Naivasha. Ejenti wa Naivasha, Bwana Rotich, alinipigia simu akitaka picha za nyumba ya kupangisha, nyumba ambayo nilikuwa nimeipiga miaka miwili kabla kwa mwenyewe yule yule. Tulienda mimi na wewe, shule zilikuwa zimefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ziwa lilikuwa limesogea. Wewe ulikuwa umeshika pazia lisiingie kwenye picha, ukiwa umesimama karibu na dirisha kuliko mimi. Nilipiga zangu tatu. Ile ya giza, ya dirisha, ilitoka safi kabisa. Ilionyesha maji yakimeremeta ng'ambo ya fensi, na upande mmoja yakiwa yameshaingia ndani.

Niliporudi nyumbani nilifungua zile tatu, na pembeni nikafungua kazi ya miaka miwili nyuma. Dirisha lile lile, karibu saa ile ile, jua likitoka upande ule ule. Nje kulikuwa na nyasi kijani, mti wa mgunga, na ziwa likiwa mstari mwembamba huko mbali. Naapa sikuanza kwa nia mbaya. Nilitaka tu kuona kama litaingia. Nikaliweka juu ya lile la maji, nikapaka brashi, nikapunguza mwanga kidogo kwenye kizingiti, na liliingia, Nafula. Liliingia kama lilizaliwa hapo. Hakuna kazi niliyowahi kufanya ikatoka nzuri vile. Niliipenda kwa sababu ilikuwa ngumu na mimi niliiweza, na kwa hicho kiburi peke yake nikaiacha.

Wewe ulipita nyuma yangu na kikombe cha chai ukasimama.

"Mum, hapo nje si kulikuwa na maji? Mimi niliona fensi imezama."

Sikugeuka hata. Nikakuambia, "Hiyo ulikuwa unaangalia dirisha ya jikoni. Hii ni ya sitting room. Umechanganya."

Kisha ukasema, "Ai. Basi nimechanganya." Ukaenda na chai yako. Ningeweza kukuita urudi. Mlango ulikuwa wazi na wewe ulikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Nikatuma picha.

Baada ya siku chache Rotich akanipigia akiwa na furaha. "Mathe, ile nyumba imeenda kwa simu tu! Kuna mama mmoja wa Njoro amepata kazi shamba la maua, hawezi pata off akuje kuona. Amependa hiyo dirisha."

Nilimwambia vizuri. Ndiyo neno nililosema, vizuri. Na kabla ya miezi miwili kuisha akanipigia tena, sauti ikiwa nyingine. "Wale watu wako wa dirisha wametolewa na maji." Nikamuuliza kama wako salama, kama watoto wako salama. Akasema hajui, yeye alisikia tu waliamka maji yakiwa kitandani, na simu ya yule mama haishiki.

Hivyo ndivyo nilivyokaa miaka minne. Kila mara ziwa likitajwa kwenye habari, nilikuwa nainuka kama mtu aliyesahau chungu motoni. Ulikuwa unaniuliza, "Mum, uko sawa?" nami nasema mgongo. Haukuwa mgongo.

Mwezi uliopita nilikwenda kupiga picha nyumba moja Naivasha na mlinzi wa hapo akaniambia alikuwa akiishi Kihoto kabla ya mafuriko. Nikamuuliza, nikijifanya sijali, kama alimjua mama fulani aliyetoka Njoro. "Mama Sharleen? Huyo alihamia Ndabibi. Analima kabeji." Akanipa namba na kunielekeza shamba lilipo. Niliizunguka hiyo namba wiki mbili. Kisha barua yako ya kazi ikaja, ukaanza kukunja nguo, na nikaona nikikuacha uondoke kabla sijaenda, sitaenda kamwe. Jumanne iliyopita nilipokuambia naenda kupiga nyumba, nilikuwa naenda Ndabibi. Nisamehe na huo uongo mdogo pia.

Nilimkuta shambani akiwa na gambuti za mumewe. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea. Kitu cha kwanza nilichosema, hata kabla ya kusema jina langu, ni, "Watoto wako wote wako sawa?"

Akanitazama. "Wewe ni nani unaniulizia watoto?"

"Tafadhali, niambie tu."

"Wako shule. Wote watatu. Huyo mdogo alianguka kwa mti juzi lakini hana kitu. Kwani nini? Umetoka shule?"

Nafula, niliketi chini. Kulikuwa na kreti la kuvunia na nililikalia, nikalia mbele ya mtu ambaye hajui mimi ni nani. Yule mama alidhani nimefiwa. Akaniletea maji, akanisugua bega, akaniambia pole, na hiyo ndiyo ilifanya iwe vigumu zaidi kusema kilichonipeleka. Lakini nilisema. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga picha ya nyumba ya Kihoto.

"Aah," akasema. "Ile ya dirisha."

"Hiyo."

Nikamweleza yote, jinsi ya kupiga picha tatu na kuzikutanisha, na kwamba dirisha lake lilikuwa la miaka miwili nyuma. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono kiunoni.

"Kwa hivyo ile nyasi haikuwa?"

"Ilikuwa, lakini si siku hiyo. Siku hiyo kulikuwa na maji. Nilitoa maji nikaweka nyasi."

Nilimngojea anitukane na nilikuwa tayari. Badala yake akaangusha jembe na kuniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike barua hii.

"Unajua mimi nimekaa miaka minne nikijua nilikuwa mjinga? Hiyo picha niliiangalia mpaka charge ikaisha. Niliizoom hivi, hivi. Maji ilipoingia, bwana yangu akaniuliza, kwani hukuona lake iko hapo? Nikamwambia sikuona. Akasema basi wewe huonangi. Mpaka wa leo nikinunua kitu, hata kama ni mbegu, lazima aangalie yeye kwanza. Na mimi mwenyewe nampelekea aangalie!"

Kisha akageukia stoo na kuita kwa sauti ambayo nadhani ilifika Naivasha. "Baba Sharleen! Kuja hapa! Kuja haraka!"

Akaja mzee mmoja mrefu, mikono ina udongo, akidhani kuna nyoka. Mama Sharleen akaninyooshea kidole. "Mwambie. Vile umeniambia, mwambie yeye."

Nikarudia. Kurudia kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu yeye alikuwa anauliza maswali. Alitaka kujua kama mtu mwenye macho makali angeweza kugundua. Nikamwambia hapana, mzee, hata mpiga picha mwenzangu hangegundua, niliifanya hivyo makusudi. Akavua kofia, akaikung'uta, akairudisha kichwani. Alimgeukia mkewe.

"Basi pole, Mama Sharleen. Uliona yenye ulionyeshwa."

"Pole yako imekuja na miaka minne late," akasema, "lakini nimechukua."

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mimi aliniambia wazi kwamba hajanisamehe bado, atafikiria, na kwamba nimefanya vizuri kuja. Na hata na hasira yake hakukubali niondoke mikono mitupu. Ile kabeji uliyoisifu Jumatano imetoka kwake.

Nilirudi nyumbani nimejawa na furaha, nikihesabu watoto watatu kichwani, wote shuleni. Nilipokaribia mjini ndipo yale maneno yake yakanirudia, kwamba lazima mumewe aangalie kwanza na yeye mwenyewe ndiye anayempelekea. Nikakuona wewe.

Kwa sababu kabla ya Kihoto hukuwa hivyo. Ulikuwa mtoto wa kubisha. Ungeniambia shati la mteja ni la bluu na si kijani, na ungebisha mpaka nikutoe nje. Baada ya siku ile ukaanza kuniita nikuangalizie. Nilifikiri ni heshima, nikafurahia. Mwaka jana ulipopiga ile loji ya Elementaita alfajiri, picha tano, ukazikutanisha mwenyewe, ukaniita kutoka jikoni mikono yangu ikiwa na unga. "Mum, kuja ucheki. Mimi sijui kama naona poa." Nilisimama hapo nikaona kazi ambayo ningeiwekea jina langu bila aibu. Mlima ulikuwa na kivuli chake na maji yalikuwa na rangi ya saa kumi na mbili, si rangi ya kadi ya posta. Hakukuwa na cha kurekebisha. Nikarekebisha hivyo hivyo, nikapunguza mwanga nukta moja, ili nionekane nimesaidia. Na siku ya mahojiano yako walipokupa picha mbili uchague moja, ulinipigia simu ukiwa umejifungia chooni. Ulinieleza zote mbili kwa kunong'ona, nami nikakuchagulia. Walikuchukua, na najua kabisa unaamini walichukua macho yangu.

Si kweli. Ulinieleza zile picha vizuri sana kiasi kwamba nilichagua ile uliyokuwa umeshaipenda. Sauti yako ilibadilika ulipofika kwake.

Nimekaa nikifikiria nikupe ushauri gani wa kazi, na nimeona mwingi unao. Huko utapiga hoteli za kando ya ziwa na utaambiwa utoe magugu kwenye maji, kwa sababu mgeni hapendi magugu. Siwezi kukuambia kila mara ufanye nini. Mimi hutoa mpira wa maji ulioachwa uani, hutoa waya, hutoa ndoo, na silali vibaya. Siku hizi najiuliza tu, huyu mtu akifungua pazia asubuhi, ataona kile nilichompa? Na zile picha ninazokutanisha, hata ziwe tano, nataka zote ziwe za siku moja. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyobaki nayo baada ya kamera tatu na mgongo usiouma.

Usinipigie simu kesho kuniambia ni sawa, Mum. Kama umekasirika, kasirika. Mama Sharleen bado anafikiria, na wewe pia fikiria. Mimi nitakuwa hapa, na nitakuwa sawa, kwa sababu kitu nilichokuwa nakiogopa zaidi kilikuwa kwamba utazeeka ukidhani macho yako yana kasoro, na hicho sikiogopi tena.

Jambo la mwisho. Umeniachia flash disk ya picha zako hapa mezani na kikaratasi kimeandikwa, "Mum, hizi ndizo natuma kwa boss mpya, cheki kama ziko sawa kwanza." Sijaifungua. Nimeiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, baba yako amenung'unika kufungua kamba upya. Ziangalie wewe, halafu uzitume.

Mimi mama yako, ambaye leo nimepumua,

Nanjala